Kutoka Baraza la Mawe hadi Kreti la Nyanya: Samani za Umma na Suala la Kuketi Pamoja

Utangulizi

Msafiri anayetoka Sagana kuelekea Kutus katika Kaunti ya Kirinyaga hupita Kagio, mji mdogo ambao soko lake linaushinda mji wenyewe kwa ukubwa na sifa. Nyanya, vitunguu, maharagwe, ndizi na maembe hufikishwa hapo kwa mikokoteni, pikipiki na pikapu, vikapangwa na kupakiwa katika malori yanayoelekea Nairobi na kwingineko. Katika msongamano huo lipo jambo ambalo jicho lililozoea halilioni: takriban kila aliyeketi ameketi juu ya kitu kisichotengenezwa kukaliwa. Mama muuza nyanya ameketi juu ya kreti la mbao lililopinduliwa. Jirani yake amekalia ndoo. Mwendesha bodaboda yuko juu ya pikipiki yake. Mpakiaji mizigo amejinyoosha juu ya magunia, na lori likija kitanda chake kitaondoka nalo. Mnunuzi aliyetoka mbali amesimama tangu asubuhi, si kwa kupenda.

Makala haya yananuia kueleza dhana ya samani za umma, yaani viti, mabenchi, bembea na vifaa vinginevyo vinavyowekwa katika maeneo ya wote na ambavyo hakuna mtu binafsi awezaye kumwondoa mwenziwe juu yake. Katika miongo ya hivi karibuni wasanifu wa nchi mbalimbali, wengi wao wakifanya kazi wawili wawili, wamekuwa wakibuni samani za aina hiyo zenye mchezo ndani yake: kiti kinachoimba, ubao unaowapandisha na kuwashusha watu wawili wasiojuana. Kazi hizo husifiwa kama uvumbuzi mpya. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu nzuri ya kuzitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuziona, kwani mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na kiti cha wote zamani za kale, na jina la kiti hicho lilipanda hadi miguuni mwa Mlima Kenya. Lililopanda lakini ni jina tu.

Kiti, jiwe na jamvi katika lugha

Ni vyema kuanza na lugha yenyewe. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulihusisha neno kiti na mzizi uleule wa mti. Msemaji wa Kikuyu hahitaji kuelezwa hili mara mbili, maana katika lugha yake mti ni mũtĩ na kiti ni gĩtĩ. Kiti, kwa hiyo, ni kipande cha mti kilichopewa kazi. Kutokana na hicho amezaliwa mwenyekiti, ambaye kwa tafsiri ya sisisi ni mtu mwenye kiti, na kikazaliwa pia kiti cha ubunge, ambacho hugombewa na wengi na kukaliwa na mmoja.

Kutokana na kitenzi kukaa tumepata kikao. Kutokana na jiwe, vijana wa Tanzania wamepata kijiwe, mahali pa kukutania watu wasio na shughuli nyingi, na baadaye neno hilo likawa jina la kundi lenyewe. Jamvi, mkeka mpana wa kutandika chini, limekuwa ukumbi wa mjadala. Kigoda nacho kimepanda daraja hadi chuo kikuu: mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, na Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Mjini Nairobi, wananchi wanaokutana kwenye mabenchi ya Bustani ya Jeevanjee, iliyoanzishwa mwaka 1906, waliyaita mabishano yao Bunge la Mwananchi. Hawakuwa na spika wala siwa. Walikuwa na mabenchi.

Hii ni taashira ya kawaida, yaani kitu kuwakilishwa na kingine kilicho karibu nacho, na lugha nyingi zinayo. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba katika Kiswahili taashira hiyo huelekea upande mmoja karibu daima. Chombo cha kukalia huwa jina la watu wanaozungumza juu yake. Mfano mkubwa kuliko yote ni baraza.

Baraza la mwambao

Katika miji ya mawe ya mwambao, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar miongoni mwayo, baraza kwa maana yake ya msingi ni benchi la mawe na chokaa lililojengwa likiwa limeshikamana na ukuta wa nyumba, upande wa nje. Ukuta wenyewe umejengwa kwa mawe ya matumbawe. Baraza ni kama ukuta uliotoa mguu barabarani. Katika nyumba za Lamu, mlango huwa ndani ya daka, na mabaraza huwa kulia na kushoto kwa mlango huo, yakitazamana.

Ujenzi huu si pambo. Kwanza, ulitatua tatizo la faragha. Mwenye nyumba aliweza kumkaribisha mgeni, akampa kahawa na mazungumzo, bila mgeni kuvuka kizingiti na kuingia kwa watu wa ndani. Pili, vichochoro vya miji hiyo ni vyembamba, na kuta zake ndefu hutupa kivuli kwa sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo baraza huwa mahali penye ubaridi hata jua likiwa kali. Tatu, mvua kubwa inaponyesha na kichochoro kikageuka mfereji, baraza hutumika kama njia ya juu ya kupitia. Kitu kimoja kinafanya kazi tatu bila kubadilishwa umbo.

Lakini sifa yake kuu kwa madhumuni ya makala haya ni kwamba limejengwa kwa gharama ya mtu mmoja na kukaliwa na mtaa mzima. Mwenye nyumba analo, na hanalo. Mpita njia aliyechoka, mchuuzi wa kahawa, mzee anayesubiri adhana, wote huketi bila kubisha hodi. Na kwa kuwa ni jiwe, halina kichwa wala mkia. Hakuna upande wa mbele wa kupewa mkubwa. Tajiri na mchukuzi wakiketi juu yake, magoti yao huwa katika kimo kimoja.

Baraza lilikuwa pia mahali pa mchezo, na hapa ndipo dai la uvumbuzi mpya linapotikisika. Juu ya baraza, au miguuni pake, huwekwa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Mwanzoni mwa mchezo kila mchezaji hupanga kete 10 tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo linaloitwa nyumba, na kubakiza 22 za kunamua moja moja. Wachezaji ni wawili. Watazamaji ni wengi, na watazamaji hawanyamazi. Hushauri, hukejeli, hubashiri, hukumbusha mchezo wa mwaka juzi. Ukiitazama hali hiyo kwa jicho la msanifu wa leo, una samani ya umma, chombo cha mchezo, na umati unaovutwa na wawili. Katika Mji Mkongwe, pembe iitwayo Jaws Corner imepata umaarufu kwa mambo haya matatu: kahawa, mchezo na siasa.

Haifai, hata hivyo, kulitukuza baraza kupita kiasi, kama ilivyo desturi ya baadhi ya maandishi juu ya utamaduni wa mwambao. Baraza la mtaani lilikuwa la wanaume. Faragha iliyolindwa na benchi lile ilikuwa faragha ya wanawake waliobaki upande wa pili wa ukuta, na mazungumzo yao yalikuwa na nafasi nyingine, uani na ukumbini, ambazo hazikuwa za umma. Aidha, siasa ya vyama vingi Zanzibar ilipoanza tena katika miaka ya 1990, mabaraza na maskani yaligawanyika kichama, na kijana akajua ni pembe ipi asiyopaswa kuketi. Jiwe halibagui, lakini waliokwisha kulikalia huweza kubagua.

Neno linapanda mlima

Namna neno baraza lilivyofika bara ni kisa cha utawala kuliko cha biashara. Maafisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya walilichukua neno hilo kutoka Kiswahili na kuliita kwalo kusanyiko rasmi la raia mbele ya mkuu wa wilaya au chifu. Katika Kiingereza cha Kenya neno hilo lipo hadi leo bila kutafsiriwa. Lilikuwa pia jina la gazeti la Kiswahili, Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939.

Benchi lenyewe lilibaki pwani. Katika nyanda za Mlima Kenya hapakuwa na vichochoro vya mawe, na mkusanyiko ulifanyika uwanjani, mara nyingi chini ya mti. Wakikuyu walikuwa na kiti chao cha heshima, kigoda kifupi cha miguu mitatu, lakini hicho ni kiti cha mtu na si cha mtaa. Wazee wa kiama walipoketi walijua nani yuko wapi kwa umri na rika. Baraza la serikali halikurithi mpangilio wa kiama wala wa mwambao. Lilileta wake: afisa ameketi kitini kwenye kivuli, raia wako chini kwenye nyasi au wamesimama juani. Katika miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, ambapo kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa eneo hilo walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, kuitwa barazani hakukuwa mwaliko. Mtu alikwenda kwa sababu asiyekwenda alihesabiwa.

Umbo hilo halikuondoka na bendera ya mkoloni. Yeyote aliyewahi kuhudhuria baraza la chifu anaufahamu mpangilio wake: hema na viti vya plastiki kwa wageni waalikwa, kochi moja au mawili yaliyoazimwa kwa mgeni wa heshima, na mbele yao umma ulioketi nyasini ukitazama juu. Kila mtu huambiwa yuko katika baraza. Kwa Mswahili wa Lamu wa zamani lingekuwa baraza la ajabu, kwani halina baraza.

Hapa ndipo uzito wa suala hili ulipo. Nani anaketi na nani anasimama ni swali la madaraka kabla ya kuwa swali la starehe. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, alilielewa hilo alipopinga mwaka 1989 ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, bustani ambayo ilikuwa karibu mahali pekee katikati ya jiji ambapo mtu asiye na fedha angeweza kuketi na watoto wake siku ya Jumapili bila kununua chochote. Jengo hilo halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika pembe ya bustani hiyohiyo wakidai wana wao, na polisi waliwatawanya kwa nguvu. Kosa lao kwa macho ya serikali lilikuwa kuketi.

Wawili wawili

Wasanifu wanaotajwa sana leo katika fani ya samani za michezo wana hoja inayokaribiana na ile ya baraza, ingawa wamefika kwayo kwa njia nyingine. Mifano miwili inatosha.

Mouna Andraos na Melissa Mongiat, wenye studio iitwayo Daily tous les jours katika mji wa Montréal, Kanada, walitundika mwaka 2011 bembea 21 katika eneo la wazi katikati ya mji. Kila bembea hutoa noti ya muziki inapopaa. Mtu mmoja akibembea peke yake husikia noti chache tu. Watu kadhaa wakibembea kwa mwendo mmoja, noti hujifunga pamoja zikawa wimbo mpana ambao hakuna hata mmoja wao awezaye kuutoa akiwa pekee. Wabunifu hao walishirikiana na mtaalamu wa tabia za wanyama, Luc-Alain Giraldeau, kwa sababu walitaka kujua ni nini hasa humfanya kiumbe ashirikiane na kiumbe mwenziwe. Jibu lao si hotuba juu ya umoja, bali bembea inayomlipa anayemsikiliza jirani yake.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Ronald Rael na Virginia San Fratello ni wasanifu wa California. Mwaka 2009 walichora kwa mzaha mchoro wa ubao wa kubembea, ule ambao mtu huketi huku na mwenziwe kule na mmoja akipanda mwingine hushuka, uliopitishwa katikati ya ukuta wa mpaka wa Marekani na Meksiko. Julai 2019 mzaha ukawa kweli. Mbao tatu za chuma zenye rangi ya waridi, zilizotengenezwa Ciudad Juárez, zilipenyezwa kati ya nguzo za ukuta huo, na watoto na watu wazima wa pande zote mbili wakachezea kwa muda usiofika saa moja. Makumbusho ya Usanifu ya London iliitunuku kazi hiyo tuzo yake ya usanifu bora wa mwaka 2020.

Nguvu ya kazi hiyo iko katika fizikia yake. Ubao wa namna ile haufanyi kazi kwa mtu mmoja. Ukiketi peke yako utakaa chini mpaka jua lizame. Ili mtu wa upande huu ainuke, ni lazima yupo wa upande ule anayeshuka, na akiondoka ghafla wewe utaanguka. Uhusiano wa nchi mbili umeelezwa bila sentensi hata moja. Msomaji wa fasihi atatambua kuwa hapa istiara haikutamkwa bali imekaliwa.

Kwa nini wawili wawili? Pengine ni hali ya kazi yenyewe tu, kwani studio ndogo ni rahisi kuendeshwa na watu wawili. Inavutia hata hivyo kwamba mtu anayebuni kiti cha watu wawili ana mwenziwe wa kukijaribu naye hapohapo karakanani.

Kenya nayo ina jozi yake maarufu, ingawa haitengenezi samani hasa. Kabage Karanja na Stella Mutegi walianzisha Cave_bureau jijini Nairobi mwaka 2014, na kazi zao huanzia mapangoni. Katika maonyesho ya usanifu ya Venice mwaka 2021 walining'iniza mamia ya mawe meusi ya kioo cha volkano, wakiunda upya sehemu ya paa la pango la Mbai, ambamo wapiganaji wa Mau Mau waliwahi kujificha. Mwaka 2025 walikuwa miongoni mwa wasimamizi wa banda la Uingereza katika maonyesho hayohayo. Kejeli iliyomo, kwamba banda la mkoloni wa jana lisimamiwe na wajuzi wa mapango ya Mau Mau, haihitaji kufafanuliwa. Ila ni haki kusema kwamba kazi hizo zimeonwa zaidi na watu wa Venice kuliko na watu wa Kirinyaga, na huo ndio udhaifu wa sehemu kubwa ya fani hii: mchezo wa umma huonyeshwa kwa umma teule. Karibu zaidi na ardhi ni viwanja vidogo vilivyojengwa Kibera na shirika la Kounkuey Design Initiative pamoja na vikundi vya wakazi, ambamo mahali pa watoto kuchezea pako jirani na maji na vyoo. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 2006.

Upo upande wa pili wa sarafu. Mwaka 2012 mtaa wa Camden mjini London uliweka mabenchi ya zege yaliyochongwa kwa miinamo ili mtu asiweze kulala juu yake wala mtoto kuteleza na ubao wake wa magurudumu. Miji ya Kenya haikuhitaji kuagiza ujuzi huo kutoka nje. Vyuma vyenye ncha vilivyopandwa kwenye kingo za baraza za maduka vinasema jambo lilelile kwa lafudhi ya nyumbani.

Ukumbi wa vijiti vya kiberiti

Wanafunzi wa fasihi wamezoea kukisoma kisa cha Kamirithu kama kisa cha lugha na udhibiti. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Tamthilia ikaanza kuonyeshwa Oktoba 2 mwaka huo katika kijiji cha Kamirithu, Limuru. Kibali kikaondolewa Novemba 16. Na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka. Yote hayo ni kweli na yanajulikana. Linalosahaulika ni kwamba kabla ya onyesho la kwanza palikuwa na swali la samani: watazamaji wataketi wapi?

Hapakuwa na ukumbi. Wanakijiji waliujenga wenyewe, wazi kwa mbingu, wenye jukwaa lililoinuliwa na nafasi ya kuketi watu zaidi ya 2,000. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwamba waliousanifu, wakiongozwa na mtu aliyekuwa tarishi wa ofisi, walianza kwa kupanga vijiti vya kiberiti ardhini, wakavihamisha huku na huku hadi umbo lilipowaridhisha, kisha wakatengeneza mfano mdogo, ndipo wakajenga. Ni vigumu kupata mfano bora wa usanifu unaoanza kama mchezo. Watu walioitwa barazani kwa miaka mingi waketi nyasini na kutazama juu walijipangia safu zao wenyewe, wakaketi wakajitazama jukwaani.

Machi 1982 polisi waliubomoa ukumbi huo. Kitabu kilikwisha kuchapishwa na hakikuwezekana kubomolewa, lakini mahali pa kuketi palibomolewa kwa siku moja. Uhakiki umekitunza kitabu vizuri. Safu zile za viti hazijapata mhakiki wake.

Mjini Nyeri ipo bustani ya umma iitwayo Whispers, kwa kumbukumbu ya Wahome Mutahi, mcheshi aliyefariki mwaka 2003 na ambaye michezo yake ya Kikuyu ilichezwa mabaani, kwenye viti vilevile vya wanywaji. Yeye hakusubiri ukumbi.

Kiti cha Kagio

Turudi sokoni. Kagio si Lamu wala Montréal, na kulijengea nakala ya baraza la mwambao kungekuwa mapambo ya kitalii. Hapana vichochoro vya kivuli. Lipo jua la uwanda wa Mwea, zipo mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zinazogeuza ardhi kuwa tope jeusi, na wapo watu ambao kuketi kwao si kupumzika kutoka kazini, wameketi kazini. Tofauti kubwa kuliko zote ni kwamba soko hili ni la wanawake kwa sehemu kubwa. Kiti cha umma hapa hakiwezi kuanza na desturi ya baraza la wanaume. Ni lazima kianze na mgongo wa mama aliyekaa juu ya kreti tangu alfajiri.

Kreti lenyewe lina mafunzo. Linabebeka, linapinduka, ni kiti na ni kipimo na ni kaunta. Mwanamke wa Kagio amekwisha kubuni samani yake yenye kazi tatu, kama vile baraza lilivyokuwa na kazi tatu. Kinachokosekana ni kile ambacho jiwe lilikuwa nacho: kudumu mahali pamoja na kuwa la wote. Kreti likijaa nyanya, kiti kimekwisha.

Mtu akijiuliza kiti cha wote cha Kagio kingekuwaje, majibu yapo sokoni kwenyewe. Kingekuwa cha mawe ya kuchonga, ambayo mafundi wa eneo hilo wanayafahamu, na kingejengwa chini ya paa au mti kwa sababu kiti cha juani hakikaliwi saa sita. Sehemu yake moja ingekuwa ya kimo cha kiuno, ili mbebaji autue mzigo bila kuinama na bila kumwita mtu amsaidie kuuinua tena. Sehemu nyingine ingekuwa ya chini, kwa watoto wanaongoja mama zao wamalize mauzo. Maji yangepita chini yake. Kisingekuwa na upande wa mbele.

Na mchezo? Haungehitaji kuletwa na mgeni. Wakikuyu wana gĩuthi, ndugu wa bao mwenye safu mbili za mashimo, ambao ulichezwa hata kwa mashimo yaliyochimbwa ardhini. Vijana wa leo wanaujua zaidi mchezo wa drafti, ambao huuchora juu ya kipande cha mbao au kadibodi na kuucheza kwa vizibo vya soda, upande mmoja vikitazama juu na mwingine vikitazama chini. Shimo la gĩuthi na mraba wa drafti vinaweza kuchongwa katika jiwe lilelile kwa patasi moja na asubuhi moja ya kazi. Mwashi mmoja na mwenziwe mmoja wanatosha.

Kinachobaki ni suala la fedha, na hapo pana hesabu ya kudai. Miradi ya kuboresha masoko huhesabu vibanda, vyoo, taa na malango, na mambo hayo yote ni ya lazima. Kiti cha asiye na kibanda hakimo katika hesabu hiyo, wala mahali pa kungojea pa mnunuzi, mpakiaji na mtoto. Ushuru wa soko, lakini, hutozwa kwa siku: hulipwa na mwenye kibanda, na hulipwa na yule aliyetandaza gunia chini na kukalia kreti kando yake.